Mwisho Alioupenda Nyanchoka

Akina mama wa Itumbe walichagua vitabu kwa jalada, na asiyesadiki akawaulize wenyewe. Jaladani pakiwa na mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani, anatazama shamba la ngano huku jua likizama kwa adabu nyuma yake, kitabu hicho ni cha Kikristo na kinafaa. Mwanamke huyo akiwa ameshikwa kiuno, kinarudishwa kilikotoka. Mwanamume akiwepo lakini amesimama mbali, karibu na farasi, linaitishwa shauri. Walivipata sokoni Daraja Mbili, kwenye marundo yaliyomwagwa juu ya turubai kati ya mitumba na ndizi, na karibu vyote vilikuwa vya Kiingereza. Ndiyo maana Mwalimu Bonareri alikuwa mtu mkubwa.

Bonareri alikuwa amestaafu shule ya msingi, ila sauti ya darasani alikuja nayo nyumbani. Kila Sabato baada ya chakula cha mchana akina mama walikusanyika katika chumba cha Dorkasi, chama cha akina mama, nyuma ya kanisa, naye akawasimulia sura moja kwa Ekegusii, kitabu wazi mapajani, miwani puani. Alikuwa fundi. Theluji, ambayo hakuna aliyewahi kuiona, aliigeuza mvua ya mawe isiyoyeyuka, na wanawake wenye mashamba ya chai wakashika vichwa kwa uchungu. Akimaliza, kila mmoja alisema kilichomgusa. Kuna aliyefurahia namna mke fulani alivyomshinda mumewe mlevi kwa maombi. Jirani yake, ambaye mlevi wake alikuwa nyumbani na hajashindwa, alinyamaza tu.

Nyanchoka aliketi karibu na mlango, kama mtu aliyeacha ng'ombe malishoni. Alikuwa mjane, mchuma chai, vidole vimeiva weusi kwa majani, na hakuwa msemaji. Lakini walipoanza kile kitabu cha yule mama na binti yake, alianza kufika kabla ya wengine.

Kilikuwa kitabu cha mjane wa nchi ya mbali, mwenye binti mmoja. Binti alimpenda mwanamume wa imani nyingine, akaolewa naye ng'ambo ya mto, na mama akaapa kwamba mlango wake hautafunguliwa tena kwa ajili ya mtoto huyo. Bonareri alipofika hapo, akina mama walijitahidi wasimtazame Nyanchoka hadi shingo zikawauma.

Maana binti wa Nyanchoka, Nyanchera, alikuwa ameolewa na Aden, muuza vitambaa mjini Kisii. Alikuwa amesilimu, akapewa jina jipya ambalo mama yake hakuwahi kulitamka. Siku habari zilipomfikia, Nyanchoka alimwambia kwenye simu, "Ukirudi kanisani utanikuta. Usiporudi, usinitafute," kisha akakata. Kanisani walimsifu kwa msimamo wake. Msimamo huo alilala nao peke yake miaka yote hiyo, na haukumpa joto hata siku moja.

Kitabu kile kilimshika. Ndani yake alikutana na mwanamke aliyesema maneno kama yake, na aliyekiandika hakumtukana mwanamke huyo, alimhurumia. Nyanchoka alikuwa anachuma chai huku akimfikiria. Atafanyaje sasa, mama yule? Binti amebeba mimba, baridi imekuja, mto umeganda kwa ile mvua ya mawe isiyoyeyuka. Ataenda?

Hakuwa peke yake katika ugonjwa huo. Mama mmoja alisimama wakati wa maombi ya kanisa akaomba wamkumbuke yule mjane na bintiye, na Mzee Obadiah, mzee wa kanisa, akauliza kwa heshima ni wa kaunti gani ili atumiwe wageni. Alipoambiwa ni wa kitabuni, uso ulimbadilika. Kwake, hadithi za kubuni zilikuwa uongo uliovalishwa nguo za ibada. Alitangaza kwamba Sabato ijayo angekuja mwenyewe kusikiliza, halafu aamue kama kikundi kiendelee au kifungwe. Na Sabato hiyo ndiyo iliyokuwa zamu ya sura ya mwisho.

Katikati ya wiki hiyo simu ya Nyanchoka ililia. Hakuijua namba, akapokea.

"Mama, ni mimi. Usikate."

Hakukata.

"Niko karibu kujifungua," Nyanchera alisema. "Nataka uje unione. Mama Dahabo ananitunza vizuri, sina malalamiko, lakini natamani chinsaga. Hapa hawajui kuipika. Niletee chinsaga, mama, hata kama hutaki kukaa."

Chinsaga ni mboga chungu, na kwao mwanamke aliyejifungua hapewi nyingine mpaka damu yake irudi. Mama ndiye huileta. Nyanchoka alisema, "Nimesikia," akaweka simu chini. Kisha akaketi kwenye kigoda.

Ijumaa, siku ya maandalio, alichuma chinsaga kabla jua halijatua, maana Sabato ikiingia hakuna kuchuma, akaijaza kikapu na kuifunika kwa jani la mgomba. Bonareri alipita njiani akamkuta akiosha mikono.

"Kikapu chote hicho ni cha nani, Mama Nyanchera?"

Nyanchoka alimweleza yote, kwa kuwa kulikuwa na mtu mmoja tu Itumbe ambaye angeweza kumweleza. "Nimeichuma, lakini sijakata shauri," alisema. "Nikienda watasema nimekubali mtoto aiache imani. Nisipoenda, ni mtoto wangu. Mwalimu, yule mama wa kitabuni, je, alikwenda?"

Bonareri alicheka, akamgusa bega. "Ngoja kesho. Nikikuambia leo utakosa utamu."

Nyanchoka naye akacheka. Moyoni aliweka nadhiri ya kijinga, na wa kulaumiwa kwa hiyo ni yeye mwenyewe: mama yule akienda, naye ataenda Jumapili asubuhi. Asipoenda, naye atabaki.

Sabato ile chumba kilijaa. Mzee Obadiah alipewa kiti cha mbele, akaweka kofia juu ya goti, uso umekunjwa. Bonareri alianza vizuri, akasoma na kusimulia kama kawaida yake, mpaka mahali ambapo mama anasimama nyuma ya mlango wake akishika komeo. Hapo alikohoa. Akamtazama mzee. Akavua miwani, akafunga kitabu, na akaendelea kusimulia akiwa ameukodolea macho ukuta.

Nyanchoka aliona kwamba kitabu kimefungwa. Alifikiri mwalimu amekisoma mara nyingi mpaka kimekaa kichwani, akazidi kumheshimu.

"Mama akaliachia lile komeo," Bonareri alisema. "Hakwenda. Alipiga magoti kando ya kitanda, akakaza maombi, akasema, Bwana, mimi sitamfuata gizani, mlete wewe kwenye nuru. Na asubuhi moja akasikia hodi. Alipofungua, alikuta binti amepiga magoti kizingitini, amemwacha mume yule na dini yake, analia, anasema, Mama, nimerudi nyumbani."

Wanawake walilia kwa sauti, wengine wakapiga makofi. Mzee Obadiah aliinamisha kichwa polepole kukubali, akasema, "Amina. Hiki kina mafundisho. Endeleeni." Alivaa kofia yake akaenda zake, na kikundi kikapona.

Na Nyanchoka? Nyanchoka alifurahi. Lazima lisemwe hivyo hivyo lilivyo. Alitoka chumbani mwepesi, kama mtu aliyeshushiwa mzigo wa kuni. Hakuhitaji kupanda gari kwenda mjini, wala kusimama mbele ya mlango wa watu wasiomfahamu akiwa na kikapu, wala kuomba radhi kwa neno hata moja. Kilichotakiwa ni kungoja tu, na kungoja alikuwa bingwa. Jumapili aliipika chinsaga, akala aliyoweza, iliyobaki akamwagia ng'ombe. Simu ililia jioni na akaijua namba. Aliiacha ilie mezani mpaka ikachoka.

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja, akiwa shambani katikati ya michai, simu ililia tena na safari hii aliyeongea alikuwa mwanamume.

"Mama, ni Aden. Nyanchera amejifungua msichana. Damu ikakataa kusimama. Ametutoka alfajiri, mama. Njoo. Tunazika leo, baada ya adhuhuri."

Nyanchoka alilia pale pale chaini mpaka majirani wakaja mbio. Lakini lile neno "leo" halikumwingia. Kwao maiti haizikwi leo. Maiti hukaa mochari, watu wakaketi, ukoo ukakusanyika, hema likakodiwa, kwaya ikafanya mazoezi, picha ya marehemu ikachapishwa kwenye programu. Mwenye haraka ya kuzika ana jambo analificha. Alimpigia shemeji yake Gibson, aliyekuwa Nyamira, kwa kuwa ndiye mkubwa wa nyumba ile tangu mumewe afe.

"Nani anazika mtu leo?" Gibson alifoka. "Tulieni hapo. Hawawezi kumzika binti yetu kabla wazee hatujaketi. Nakuja."

Wakamngoja. Gibson alifika, akanywa chai, wazee wakaanza kuvutana: aletwe nyumbani au asiletwe, nani aongee na akina Aden, nani avae koti. Simu ikalia tena.

"Mama, uko wapi?" Aden aliuliza. "Nimewaomba wazee wetu wasogeze mpaka alasiri kwa ajili yako. Zaidi ya hapo hawatakubali."

Gibson aliichukua simu mkononi mwa Nyanchoka. "Kijana, mtatungoja," alisema, akaizima.

Hawakungojwa. Walifika mjini jua limelala upande, akina mama wa Dorkasi na vitambaa vyao vyeupe, wazee na makoti yao, wakapelekwa makaburini na kuonyeshwa kilima cha udongo mbichi. Hapakuwa na jeneza wala picha. Nyanchoka hakuuona uso wa mtoto wake, si siku ile wala miaka yote iliyotangulia. Gibson alianza kupayuka, lakini hakukuwa na wa kupayukiwa. Wanaume wa upande wa pili walisimama mikono imeunganishwa mbele, na Aden alikuwa analia waziwazi bila kujificha.

Kule nyumbani, mama yake Aden, Dahabo, alimletea mtoto mchanga aliyefungwa kwenye shuka. "Anaitwa Istarlin," alisema. Nyanchoka alimpokea, akamrudisha upesi asije akamwangusha.

"Siku zote aliulizia mboga," Dahabo alisema kwa upole. Hakuwa na nia ya kumchoma. "Gari likisimama nje, anasema, tazama kama ni mama na mboga yangu."

Nyanchoka hakurudi tena mjini. Aibu ilimfunga miguu. Kanisani waliendelea kumwita mama wa msimamo, na kila walipomwita hivyo alitazama chini. Kuna usiku alijipa moyo kwamba alifanya kama yule mama, alingoja kwa imani, na kama yake haikwisha vizuri basi kosa si la kungoja, bali imani yake ilikuwa ndogo. Alijilaumu kwa udogo wa imani. Hiyo ndiyo lawama aliyoipata karibu, akaishika.

Mwaka ulipokaribia kwisha kikundi kilifanya Sabato ya ushuhuda wa wasomaji. Walialikwa wapenzi wa vitabu kutoka makanisa ya jirani, kila mmoja aeleze alikichaguaje kitabu chake na kilimfanyia nini. Ilikuwa siku njema, watu walicheka sana. Mama mmoja alikiri kwamba hununua kwa unene, kwa kuwa chembamba humalizika kabla mvua haijaisha. Mwingine alisema husoma ukurasa wa mwisho kwanza dukani, akikuta harusi analipa, akikuta kaburi anakirudisha. Bonareri ndiye aliyeongoza, anang'aa.

Kisha akasimama mgeni kutoka Kiogoro, Nyakerario, mke kijana anayeuza dawa mjini. "Mimi nilichagua kwa jalada," alisema, na wote wakacheka kwa kujitambua. "Mwanamke na ngano. Nilikipata Daraja Mbili. Ni cha mjane mmoja na binti yake aliyeolewa ng'ambo ya mto."

Akina mama walishangilia. Hicho wanakijua!

"Basi mtakubaliana nami kuhusu mwisho," Nyakerario alisema. "Nililia kama mtoto. Yule mama anapoficha mkate chini ya shali, anavuka mto kwa miguu katika ile baridi..."

"Dada, umechanganya vitabu," mmoja alimkatiza akitabasamu. "Yule mama hakwenda popote. Binti ndiye aliyerudi."

"Alikwenda! Ninacho hapa." Nyakerario alikitoa kwenye mkoba, akakiinua juu. Jalada lilikuwa lile lile, ngano ile ile.

Kila mtu alimgeukia Bonareri amalize ubishi. Bonareri alikuwa anafuta miwani kwa upindo wa gauni lake, anafuta, anafuta.

Nyanchoka alisimama pale mlangoni. "Soma, mwanangu," alimwambia Nyakerario. "Kuanzia pale aliposhika komeo. Usiruke kitu."

Nyakerario hakujua anachokisoma ni nini kwa mwanamke yule. Alisoma sentensi kwa Kiingereza, akaigeuza kwa Ekegusii, kisha nyingine. Mama akafungua komeo. Akachukua mkate. Akavuka mto akiogopa kila hatua. Alipofika alipiga hodi, na binti akafungua, tumbo kubwa, kichwani amefunga kitambaa cha dini ya mumewe. Mama alikuwa ameandaa maneno mengi njiani, kuhusu Mungu na kuhusu aibu. Hakusema hata moja. Aliuliza, "Umekula?" Wakaingia ndani, wakaukata mkate, na kitabu kikaishia mezani. Binti hakurudi kanisani, na hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba angerudi.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Mwalimu," Nyanchoka alisema. "Kitabu chako kilikuwa na ukurasa huu?"

"Kilikuwa nao," Bonareri alijibu kwa sauti ndogo.

"Na ulijua nimechuma chinsaga."

"Nilijua." Bonareri alivaa miwani, akaivua tena. "Mzee Obadiah alikuwa ameketi pale, mama. Angesikia mwisho huo angetufungia kikundi, hii ndiyo starehe pekee tuliyo nayo. Nikasema utaenda tu, wewe ni mzazi. Halafu ulipobaki, nikasema nitakuja kwako nikuambie. Nilidhani kuna wakati."

Kuna wakati. Nyanchoka aliyajua maneno hayo, yeye na Gibson walikuwa wameyanywa na chai asubuhi ile ya msiba. Bonareri alishuka chini, magoti sakafuni, mtu mzima yule, akaanza kuomba msamaha kwa jina la Bwana, na mama mmoja akaanzisha wimbo taratibu, kama ilivyo desturi mtu anapotubu, ili yule aliyekosewa amwinue mwenzake. Wimbo ulifika ubeti wa pili. Nyanchoka hakumwinua.

"Nyamazeni kidogo," alisema, wakanyamaza. "Mwalimu, hata ungenisomea huu pengine nisingekwenda. Hilo sitalijua mpaka nife. Lakini ule wako niliupenda. Nilitoka hapa nimefurahi, na mtoto wangu ananiita. Furaha ile uliyonipa ndiyo siwezi kukusamehe."

Akachukua kitambaa chake kitini, akatoka.

Ilikuwa bado alasiri, Sabato haijakwisha. Nyanchoka alifika nyumbani, hakubadili nguo. Alipita moja kwa moja hadi kando ya zizi na gauni lake jeupe la kanisani, akainama, akaanza kuchuma chinsaga na kuitia kwenye upindo wa gauni. Mzee Obadiah alikuwa anapita njiani kutoka kumwombea mgonjwa. Alisimama kwenye ua, akatazama, hakuamini macho yake.

"Mama Nyanchera," aliita, "jua halijatua."

"Naliona, mzee."

"Unachuma siku ya Bwana! Ni ya nani ambaye hawezi kungoja mpaka jioni?"

"Ya Nyanchera," alisema, akaendelea kuchuma.